Mfumo Ukikumbuka Kila Hatua, Amana Inabaki kwa Nani?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ndugu msomaji, swali ninaloleta safari hii linaonekana ni la wanafunzi wa kompyuta, lakini kwa maoni yangu ni la fiqhi na akhlaki kwanza. Pesa za watu zikipitia kwenye mfumo unaoandika na kukumbuka kila hatua, je, yule aliyepewa amana amepunguziwa mzigo?

Tatizo lenyewe hapa Juba halihitaji maelezo marefu. Umeme unakatika, jenereta inachelewa kuwashwa, mtandao unapotea. Chukua mfano wa mfuko wa zaka unaolipa kwa pesa za simu, iwe m-Gurush iliyoanza hapa kwetu 2019 au M-Pesa ambayo Wakenya wanayo tangu 2007. Kumpelekea mjane mmoja fungu lake si tendo moja. Kuna kuhakikisha kuwa jina lake limepitishwa, kupunguza kiasi kwenye mfuko, kuagiza pesa zitumwe, kumpelekea ujumbe, kisha kufunga hesabu. Umeme ukikatika baada ya hatua ya pili, mfuko umepungua na mjane hana kitu. Karani akianza upya kwa pupa, huenda mjane huyo akalipwa mara mbili na jirani yake akakosa.

Dawa waliyoibuni wataalamu inaeleweka hata na sisi tusiosomea fani hiyo. Kila hatua inapomalizika, matokeo yake yanaandikwa kwenye hifadhidata. Mashine ikizimika na kuwaka tena, inasoma yaliyoandikwa, inaona hatua mbili zimekwisha, inaendelea na ya tatu. Kazi nzima inapewa namba yake, na ukiituma tena kwa namba ileile mfumo unajua kuwa ni kazi ileile. Halafu kuna kipande cha programu, wenyewe wanakiita maktaba, ambacho karani anakitumia kutoka kompyuta nyingine kuanzisha kazi, kuuliza imefika wapi, kuisimamisha au kuiendeleza. Maktaba nzuri ina aina zilizotangazwa: kiasi ni namba, tarehe ni tarehe, na ukiweka jina mahali pa kiasi unakataliwa kabla kazi haijaanza. Michael Stonebraker, aliyeanza kazi ya Postgres pale Berkeley mwaka 1986 na kupewa tuzo ya Turing ya mwaka 2014, ni miongoni mwa walioanzisha DBOS, mradi unaofuata njia hii.

Nilipoelezwa haya na ndugu zetu wa kompyuta, fikra yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye aya ya 282 ya Suratul Baqara. Ni aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na haizungumzii Swala wala Hijja bali kuandika deni. Tunaisoma haraka kwa sababu ya urefu wake, na hapo tunapoteza mengi. Inaagiza awepo mwandishi anayeandika kwa uadilifu. Inaagiza kwamba mwenye kudaiwa ndiye aseme yaandikwe nini, wala si mdai. Na akiwa dhaifu au hawezi, basi msimamizi wake aseme kwa uadilifu. Inataka mashahidi. Inatukataza kuona uvivu wa kuandika, liwe deni dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Inakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Na biashara ya papo kwa papo, mkono kwa mkono, imepewa ruhusa isiandikwe.

Kwa hiyo anayesema kwamba kumwekea mweka hazina Mwislamu daftari ni kumdhania vibaya, hoja yake haisimami. Maandishi yanamlinda yeye kabla ya kumlinda mwingine. Sayyidna Umar (R.A.) alipoanzisha diwani, daftari za majina ya wanaostahiki mafungu kutoka hazina, hakuwa anawatuhumu maswahaba. Watu walikuwa wengi na mali ilikuwa nyingi, na kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi.

Hoja ya upande wa pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ndiyo inayopendwa na kizazi chetu. Inasema: mfumo ukiandika kila kitu na ukionekana na kila msimamizi, suala la uaminifu limekwisha, maana hata mtu asiye na taqwa atalazimika kunyooka. Nawajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la kiufundi. Baina ya tendo na kuandikwa kwa tendo kuna mwanya. Mfumo umeagiza pesa, pesa zimekwenda, na kabla haujaandika "imekwisha" umeme unakatika. Ukiamka, kwenye daftari hatua hiyo haijafanyika, nao utairudia. Wenye fani wanalijua hili na wala hawalifichi: hatua inayogusa ulimwengu wa nje inaweza kutendeka zaidi ya mara moja, na kinga yake ni kupatana na huyo wa upande wa pili kuwa agizo lenye namba hii asilitekeleze mara mbili. Mapatano ni jambo la watu wawili. Hakuna daftari la upande mmoja linaloweza kuyaziba yote.

La pili ni kwamba aina inachunguza umbo, haichunguzi ukweli. Kiasi kikiwa namba, mfumo umeridhika, hata kama namba yenyewe ni ya uongo. Na hapa wanafunzi wa fiqhi tunahitajika kuliko tunavyofikiri. Kwa mtengeneza programu wa kawaida, zaka ni namba na sadaka ni namba, ukizijumlisha unapata namba. Kwetu sisi zaka ina watu wake, makundi manane yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, wakati sadaka ina uwanja mpana. Pesa za zaka zikinunua kapeti la msikiti, wanazuoni wengi hawakubali. Lakini programu haitasema neno, labda awepo mtu aliyekaa na mtengenezaji mapema akamwambia: zifanye aina mbili, na zikichanganywa, mfumo ukatae. Hilo linawezekana kabisa, na si kazi kubwa. Mimi naona ni ajabu kwamba tunajadili mgawanyo huu darasani muhula mzima, kisha tunaacha fomu ya mfuko wetu iwe na kisanduku kimoja kilichoandikwa "kiasi".

Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika Ihya yake anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Kwanza unamwekea masharti, kisha unamtazama akifanya kazi, kisha unakaa naye kwenye hesabu, na ukiona upungufu unamchukulia hatua. Sharti, muraqaba, muhasaba. Nikiutazama mfumo tunaouzungumzia, naona hatua hizo tatu zote: aina ndizo masharti, kutazama hali ya kila kazi ni muraqaba, na daftari ni mahali pa muhasaba. Tofauti ni kwamba Al-Ghazali anamwelekeza mtu aanze na nafsi yake, na sisi tunapenda kuanza na za wenzetu.

Kutazama nako kuna hukumu zake. Mwenye ufunguo wa ile maktaba anaweza kuorodhesha kazi zote zilizopita: nani alipewa, kiasi gani, kwa sababu gani. Familia iliyokuja kwa siri kuomba unga sasa imo kwenye orodha ambayo msimamizi yeyote anaweza kuifungua usiku akiwa bwenini. Aya ya 271 ya sura hiyohiyo ya Al-Baqara inasifu sadaka ya wazi, kisha inasema kuwapa mafakiri kwa siri ni bora zaidi. Je, tumemsitiri ndugu yetu, au tumehamisha aibu yake kutoka mdomo mmoja kwenda kwenye hifadhidata? Naamini karani anayefuatilia kama kazi imekwama anahitaji namba ya kazi na hatua iliyofikia. Jina hahitaji. Lisomwe na mmoja au wawili waliokabidhiwa, basi. Na anayeweza kusimamisha malipo ya mtu lazima jina lake yeye liandikwe pamoja na sababu, kwa maana nimechoka kusikia watu wakiambiwa "mfumo umekataa", kana kwamba mfumo umebaleghe na una akili timamu. Mfumo si mukallafu. Nyuma ya kila "umekataa" kuna mtu aliyeandika sharti au aliyebonyeza kitufe, naye ndiye atakayeulizwa.

Linabaki neno "imekamilika". Mfumo ukiandika hivyo, unatoa ushahidi wa kitu gani? Shahidi katika sheria yetu anashuhudia alichokijua. Kompyuta ilichokijua ni kwamba agizo limepokelewa upande wa pili. Haijui kama simu ya mjane iko mikononi mwake au kwa shemeji yake, wala kama wakala alikuwa na pesa taslimu siku hiyo. Aya ya 283 inakuja mara baada ya ile ya kuandika, nayo inamwambia aliyeaminiwa airejeshe amana yake na amche Mola wake, kisha inaonya juu ya kuficha ushahidi. Mpangilio huo unanitosha kuona kwamba maandishi hayakuifuta amana.

Mifumo ya aina hii inaweza kungoja. Kazi inaweza kulala siku kumi, mashine ikazimwa na kuwashwa mara nyingi, nayo ikaendelea kusubiri jibu bila kusahau. Basi napendekeza hatua ya mwisho ya kila malipo ya zaka iwe neno la mpokeaji mwenyewe: nimepata, au sijapata. Asiye na simu afuatwe kwa miguu, awe Gudele au Munuki, na atakayekwenda aandike jina lake kuwa ndiye shahidi. Mpaka hapo hali ya kazi isomeke "inasubiri", hata kama ripoti ya mwisho wa mwaka itakuwa na "inasubiri" nyingi na mweka hazina atasimama mbele ya mkutano mkuu kuzieleza moja baada ya nyingine.

Wallahu aalam.