Mkosaji Naye Ana Haki?



Niko likizo nyumbani, Kilimatinde. Mnaosafiri kutoka Dodoma kwenda Singida mnakujua huku: mkishaiacha tambarare ya Kintinku, basi linaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na ukigeuka nyuma unaliona bonde lote limetandazwa chini kama mkeka. Ni kiangazi, vumbi tupu, na watu wana muda wa kukaa na kuongea.

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya jumuiya, dada mmoja alinifuata akiwa na bahasha. Nitamwita Neema, ingawa hilo si jina lake. Anasoma, au niseme alikuwa anasoma, kwenye chuo kimoja kidogo, mbali na hapa, chenye wanafunzi wasiofika mia mbili. Ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya mistari sita: amesimamishwa masomo mwaka mzima kwa kosa la kulala nje ya bweni bila ruhusa. Sahihi, mhuri, basi.

Nikamuuliza, "Ni kweli ulilala nje?"

"Ni kweli, Frateri." Mdogo wake alizidiwa usiku, simu ikaja saa tatu, matroni hakupatikana. Akatoka, akaenda hospitali, akarudi asubuhi.

"Sasa, uliwaeleza hivyo?"

"Nimweleze nani? Hakuna aliyeniuliza. Barua nimeikuta kwa mlinzi getini."

Halafu akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo haliniachi: "Kwani mtu akiwa amekosa kweli, bado ana haki?"

Nimesoma falsafa miaka mitatu. Nikamjibu haraka haraka, "Ndiyo, anayo." Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba sikuwa na uhakika ni kwa nini. Ndiyo maana naandika.

Tuanze kwa kuwa wakweli upande wa chuo. Sheria ya kuomba ruhusa si ya ukatili. Mzazi anauza mtama na mbuzi wake, anamkabidhi binti kwa watu asiowajua, na anataka akipiga simu usiku aambiwe yuko salama. Chuo kidogo hakina walinzi kumi wala gari la kuzunguka. Kikiruhusu kila mtu atoke apendavyo, siku moja tutazika mtu. Kwa hiyo sisemi Neema hakukosa. Mwenyewe hasemi hivyo.

Lakini kwa nini aulizwe kabla ya kuadhibiwa? Jibu la kwanza ni rahisi: kwa sababu wanaohukumu wanaweza kukosea. Sisi Wakatoliki tunayo simulizi ya Susana katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili wenye heshima walimshuhudia uongo, mkutano ukawaamini kwa sababu ya mvi zao, na akawa anapelekwa kuuawa. Aliyepaza sauti ni kijana. Danieli aliwatenganisha wale wazee, akamuuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani aliwaona. Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja ule. Swali moja dogo likaokoa uhai wa mtu.

Jibu hilo ni zuri, ila halimsaidii Neema. Susana hakuwa na kosa, Neema analo. Kama kazi ya kumsikiliza mtu ni kupata ukweli tu, basi ukweli ukishajulikana hakuna haja ya kumuuliza. Daftari la bweni linasema hakuwepo, na kweli hakuwepo. Tumuulize nini tena?

Hapo ndipo nilipoirudia Mwanzo, sura ya tatu. Adamu amekula tunda na kujificha. Mungu anajua kila kitu, hahitaji shahidi wala daftari. Hata hivyo, jambo la kwanza analofanya ni kuuliza: Adamu, uko wapi? Anamsikiliza Adamu, hata anapotupa lawama kwa mkewe. Anamgeukia Hawa, naye anamuuliza na kumsikiliza. Kisha angalieni jambo ambalo mimi nililipita miaka yote: nyoka haulizwi. Nyoka anapewa hukumu moja kwa moja. Anayeulizwa ni binadamu peke yake.

Kumbe kuulizwa ni alama ya kwamba wewe ni mtu. Una akili na dhamiri, una sababu zako, hata kama ni mbovu. Anayekuadhibu bila kukuuliza amekuweka kwenye fungu la nyoka, hata kama adhabu yenyewe ilikustahili.

Simulizi hii imewahi kutumika mahakamani, tena katika kesi ya chuo. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilimvua shahada zake msomi mmoja, Richard Bentley, bila kumpa nafasi ya kujitetea. Shauri likafika mahakama ya juu, na mwaka 1723 majaji wakaona amedhulumiwa, shahada zake zirudishwe. Mmoja wao alikumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajieleze. Na sisi Tanzania tumeiweka haki hiyo kwenye Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(a): haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote kinachohusika, apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na awe na haki ya kukata rufani. Sioni kwa nini kamati ya nidhamu ya chuo kidogo ijione iko nje ya haki hiyo.

Sasa naomba nikiri jambo. Nilipokuwa kidato cha sita nilikuwa kiranja wa bweni. Usiku mmoja nilihesabu watu nikakuta kitanda cha kijana wa kidato cha kwanza kiko kitupu. Nikaandika jina. Asubuhi daftari likaenda kwa mwalimu wa zamu, na yule dogo akarudishwa nyumbani wiki nzima kwa kutoroka. Miezi miwili baadaye nilitoka usiku kwenda chooni nikamkuta bombani, gizani, anafua shuka. Alikuwa anakojoa kitandani. Usiku ule niliomwandika alikuwa hapo hapo bombani, hatua thelathini kutoka kitandani kwake. Alikubali kuitwa mtoro kuliko kulisema hilo mbele ya watu.

Mimi nikageuka kana kwamba sijamwona. Wakati ule nilijiambia ni huruma, nisimwaibishe. Leo najua ulikuwa woga. Kumwona kungenilazimu kumwomba msamaha.

Je, ningemuuliza usiku ule, angeniambia? Sijui. Labda asingeniambia mimi niliyeshika daftari. Na hilo linatupeleka kwenye jambo la pili: haitoshi kuwe na swali, lazima awepo mtu ambaye mwanafunzi anaweza kumjibu.

Kwenye vyuo vyetu vidogo mtu mmoja ana kofia nne. Huyo huyo ni mwalimu, ni matroni, ni mshauri wa wanafunzi, na ni katibu wa kamati ya nidhamu. Simlaumu, mshahara ni mmoja na siku ina saa 24. Lakini mwanafunzi si mjinga. Anajua kwamba sikio linalosikiliza mchana ndilo litakalotoa ushahidi jioni. Kwa hiyo ananyamaza na mimba yake, na deni lake la ada, na mawazo yake ya kujidhuru, mpaka mambo yaharibike, halafu tunashangaa mbona hakusema.

Kanisa lililiona tatizo hili zamani. Huku seminarini tuna baba wa kiroho, na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 240, inakataza kabisa kuomba maoni yake au ya waungamishi pale inapoamuliwa frateri apewe daraja au aondolewe. Anayesikia siri hapigi kura. Ndiyo maana naweza kumwambia baba wangu wa kiroho udhaifu wangu bila kuogopa kwamba kesho nitafungashiwa mizigo. Chuo kisicho na fedha ya kuajiri mshauri kinaweza angalau kufanya hivi: mshauri asikae kwenye kamati ya nidhamu. Kama watu hawatoshi, aombwe sista wa jirani, au muuguzi, au mwalimu mstaafu, aje mara moja kwa wiki.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anasema sheria ni agizo la akili, kwa manufaa ya wote, linalotolewa na mwenye kuitunza jumuiya, na kutangazwa. Kinachonigusa ni hilo la kutunza. Sheria na huduma zinatoka mkono mmoja: anayekuwekea saa ya kurudi bwenini ndiye anayepaswa kukuuliza mbona hukurudi. Kiswahili chetu kinalijua hilo. Hapa Kilimatinde Wajerumani walikuwa na boma, na katika maboma yao siku ya kusikiliza kesi iliitwa shauri. Mara nyingi shauri liliishia kwenye kiboko. Lakini kwetu shauri ni kesi, na shauri ni mawaidha. Mwenye kesi na mwenye shida wanabisha hodi kwenye neno moja.

Basi mtu ataniuliza: Frateri, unataka watu wasiadhibiwe? Hapana. Haki ya kusikilizwa si haki ya kushinda. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu, Dar es Salaam, kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliyasikiliza madai yao, akawajibu, kisha akawafukuza karibu 400. Unaweza kuona adhabu ile ilikuwa kali mno. Lakini walisikilizwa. Na kwa kuwa walikuwa wamelalamika pia juu ya mishahara ya wakubwa, Mwalimu alilichukua neno hilo, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao baadaye waliruhusiwa kurudi masomoni.

Mlango wa kurudi nao ni haki. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba shuleni aliondolewa, na mara nyingi mwanamume hakuulizwa hata jina. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Wapo Wakristo walionung'unika kwamba ni kuhalalisha dhambi. Mimi nawarudisha tena kwenye Mwanzo. Mungu aliwatoa Adamu na Hawa bustanini, adhabu ikabaki adhabu. Lakini kabla ya kuwatoa aliwatengenezea mavazi ya ngozi, akawavika. Aliwafukuza, hakuwafukuza uchi.

Sasa tufanye nini sisi vijana?

Kwanza, tusome kanuni za chuo. Tunazisaini siku ya kuripoti, tukiwa kwenye foleni na godoro kichwani, kama tunavyosaini fomu ya laini ya simu. Kama zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, serikali ya wanafunzi iombe zielezwe kwa Kiswahili. Sheria isiyoeleweka haijatangazwa.

Pili, ukikosa, usidanganye. Wengi wetu tukibanwa tunatunga ugonjwa, hata vyeti vya hospitali vya kughushi. Kila uongo wetu unamfungia mlango mwenzetu atakayekuja na ukweli.

Tatu, ewe kiranja, ewe kiongozi wa TYCS au TMCS, kabla hujaandika jina, uliza. Swali moja tu.

Neema na mimi tuliandika barua ya rufani Jumapili jioni, kwa tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika. Alitaka kuanza na "Nimeonewa." Tukabishana kidogo. Mwishowe alianza na "Nakiri," akaeleza simu ya saa tatu, akaambatanisha karatasi ya hospitali, akaomba aitwe asikilizwe. Mama mwenyekiti wa jumuiya alipitisha kapu, ikapatikana nauli ya kuipeleka barua kwa mkono. Jibu bado. Inawezekana wakamwita na bado wakaiacha adhabu ile ile. Akirudi nyumbani mwaka huu, sisi jumuiya ndio wa kumvika.

Na yule dogo wa bombani, sasa ni mtu mzima. Namba yake ninayo mwaka wa pili huu, nilipewa na mwenzetu wa shule, sijawahi kuipiga. Nikimaliza kuandika hapa nampigia. Najua nitaanza na lile swali ambalo sote tunaulizana tukipokea simu: uko wapi? Safari hii nitasubiri jibu.

Tusali: Ee Bwana, uliyemtafuta Adamu alipojificha, utupe moyo wa kuuliza kabla ya kuhukumu, na ujasiri wa kujibu tunapoulizwa. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri, Kilimatinde