Redio Yako Si Mbovu, Ipe Waya

Ishushe hiyo redio juu ya kabati. Hiyo hiyo ya baba, yenye kitambaa cha kufuma na vumbi la miaka, ambayo kila mtu amekwisha kukuambia haina kazi tena kwa sababu masafa mafupi yamekufa. Ifute. Itie betri mpya. Isogeze kwenye SW, zungusha taratibu, sikiliza. Utasikia mikwaruzo, utasikia mvumo usiokoma, kisha kwa mbali sauti ya mtu inaibuka na kuzama. Wengi huishia hapo, wakaizima na kuirudisha kabatini. Wewe usiizime. Kama umemsikia mtangazaji huyo hata kwa neno moja, basi mawimbi yake yamo chumbani mwako tayari, yamepita ukutani bila hodi. Kilichobaki ni kuyanasa, na hilo halitaki digrii ya uhandisi wala fedha za kukopa.

Usidanganywe na wanaosema zamani redio zilikuwa bora. Redio ni zile zile. Kilichobadilika ni hewa ya nje na nyumba ya ndani. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, ya Peking 1961, ya Deutsche Welle 1963, na wazee wetu walizisikia sebuleni kwa antena ya kuvuta tu, urefu wa mkono. Wajerumani walikuwa na mitambo ya kurushia huko Kigali, Waingereza nao wakajenga yao Ushelisheli mwaka 1988. Mitambo ya Ushelisheli ilizimwa 2014, ya Kigali 2015. Siku hizi matangazo mengi yanatoka mbali zaidi na yanafika yamechoka. Na yakifika yanakuta nini? Nyumba iliyojaa chaja za simu, taa za LED, king'amuzi, ruta na inveta ya sola, kila kimoja kikipiga kelele zake kwenye masafa yale yale. Baba yako hakuhitaji antena ya ziada. Wewe unaihitaji, na ndiyo maana nakusukuma.

Atatokea wa kukuambia sasa kuna intaneti. Ni kweli, ipo, mpaka siku isipokuwepo. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikabaki inatazama simu zinazozunguka bila kufungua kitu. Masafa mafupi hayajui habari za waya wa baharini. Mtambo unarusha mawimbi juu, yanafika kwenye tabaka la ionosfea, kilomita mia kadhaa juu ya vichwa vyetu, yanapindishwa na kurudi ardhini nchi nyingine kabisa. Hakuna bando, hakuna nywila, hakuna anayejua unasikiliza nini.

Basi kunja mikono ya shati. Lakini usikimbilie dukani kununua waya, maana kazi ya kwanza ni kuua kelele. Anayeongeza waya kabla ya kuondoa kelele ni kama aliyeongeza spika sokoni ili amsikie mtu mmoja.

Fanya hivi jioni. Redio iwe kwenye betri, si kwenye umeme. Tafuta stesheni dhaifu, ile inayoibuka na kuzama, uiache hapo. Nenda kwenye meni swichi, waage waliomo ndani ya nyumba wasije wakakulaani, kisha zima umeme wote. Rudi usikilize. Mara nyingi utashangaa: ule mvumo uliodhani ni tabia ya redio umetoweka, na mtangazaji anasema sentensi nzima. (Ukipenda redio hii utajikuta ndiye mtu pekee mtaani anayefurahi umeme ukikatika. Karibu kwenye chama.) Sasa washa umeme, halafu rudisha vifaa kimoja kimoja, taa kwa taa, chaja kwa chaja, na kila mara rudi kwenye redio. Mwizi atajitokeza. Mara nyingi huwa chaja ya bei rahisi iliyoachwa kwenye soketi bila simu, au taa ya LED ya chumba cha pili. Sola nayo isikuhadae: inveta na kile kifaa cha kudhibiti chaji ya betri ni wapiga kelele wakubwa, tena mchana kweupe.

Ukimjua mwizi huna haja ya kumfukuza nyumbani. Mchomoe saa unayosikiliza, au sogeza redio mita tatu kutoka kwake. Mita tatu! Ni nafasi ndogo inayofanya kazi kubwa. Kama haiwezekani kumchomoa, tafuta kwa fundi kile kinundu cheusi kinachokaa kwenye nyaya za kompyuta kuukuu. Ndani yake mna feraiti, nayo hupunguza kelele zinazosafiri kwenye waya. Zungusha waya wa chaja ndani yake mara kadhaa, karibu na chaja yenyewe. Fundi mwenye lundo la kompyuta mbovu atakupa akicheka.

Sasa waya.

Chukua waya wowote mwembamba wa shaba: flexi iliyopasuliwa vipande viwili, waya wa spika, hata waya uliofumuliwa kutoka kwenye transfoma iliyoungua. Ganda la plastiki halizuii kitu, liache. Urefu mita 7 au 8 zinatosha, na nitakuambia kwa nini. Mawimbi ya megahezi 9.6, pale wapenzi wa redio wanapopaita mita 31, yana urefu wa mita 31 kweli: gawanya 300 kwa 9.6 upate mwenyewe. Robo yake ni karibu mita 8. Waya wenye urefu wa robo hiyo unayapokea vizuri, wakati ile antena ya kuvuta haifiki hata mita moja. Upitishe juu ya ukuta chini ya dari, ugeuke kona, ushuke dirishani. Ushike kwa soloteipu au vipini. Usiulaze sambamba na waya wa umeme uliomo ukutani. Ukilazimika kuuvuka, uvuke kwa kuukata msalaba. Mwisho wake uchune sentimita 2, uuzungushe kwenye antena ya redio au uubane kwa kibanio. Washa.

Aliye chini ya bati au ndani ya ghorofa lenye nondo nyingi ajue kwamba chuma hufunga mlango. Kwake dirisha ndilo kila kitu. Waya wote uukusanye upande wa dirisha, wima kama inawezekana, na redio uilete karibu. Nimeona chumba cha katikati ya ghorofa kikiwa kiziwi kabisa na baraza ya chumba hicho hicho ikileta stesheni baada ya stesheni.

Huenda ukawasha na kukuta mambo yameharibika zaidi: stesheni zinapandana, ya FM ya mjini inajitokeza katikati ya masafa mafupi. Usikate tamaa, hiyo ni shibe. Redio ndogo huzidiwa ikilishwa sana. Kama ina swichi iliyoandikwa DX na LOCAL, irudishe LOCAL. Kama haina, usiuchune waya. Uzungushe na ganda lake mara nne tano kwenye antena ya kuvuta bila shaba kugusana na chuma. Mawimbi yatavuka kwa kiasi kinachotosha.

Na mambo mawili hayana mjadala. Usiingize waya kwenye tundu lolote la soketi, hata lile la ethi, hata kama jirani anaapa kwamba kwake inafanya kazi. Tundu hilo likiwa limeungwa vibaya litakuua. Na radi ikianza, chomoa waya kwenye redio, zima, ngoja. Mnaokaa ukanda wa Ziwa Victoria mnajua ninachosema: ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani.

Wengine watatosheka na waya huo, na ni haki yao. Lakini kama unakaa mjini, kelele za majirani wako hutazizimia umeme. Hapo ndipo ninapotaka upande ngazi ya pili, antena ya kitanzi, ambayo kwangu ndiyo kitu kizuri kuliko vyote anavyoweza kutengeneza mtu wa nyumba ya kupanga. Hata mwenye nyumba asiyetaka kuona waya nje ya dirisha lake hatakuwa na neno, maana inakaa chumbani na inaegemezwa ukutani.

Funga fito mbili kwa umbo la msalaba, kila moja mita 1. Zungushia waya mzito kidogo kwenye ncha zake nne, mzunguko mmoja tu. Ncha mbili za waya ziunge kwenye kile kifaa cha mabamba kinachozungushwa na kifundo cha kutafutia stesheni ndani ya redio kuukuu. Mafundi hukiita kondensa, na redio mbovu zimejaa nazo. Kiwe cha pikofaradi 365 au karibu na hapo, na kitanzi chako kitafika takriban megahezi 5 hadi 15, yaani sehemu kubwa ya stesheni unazozitaka. Kisha tengeneza kitanzi kidogo, kipenyo cha sentimita 20, ukining'inize ndani ya kile kikubwa chini kabisa, bila kuungana nacho. Ncha zake mbili ziende redioni: kwenye tundu la antena ya nje kama lipo, au moja kwenye antena ya kuvuta na nyingine kwenye springi ya betri upande wa hasi.

Weka redio kwenye stesheni, halafu zungusha kondensa polepole sana. Pole zaidi ya hapo. Kuna mahali pamoja, pembamba, ambapo redio inavimba ghafla kwa sauti. Hapo ndipo. Ukihama stesheni, zungusha tena. Kisha geuza kitanzi chenyewe kama unayefungua mlango: kinasikia upande wa kingo zake na ni kiziwi upande wa uso wake. Elekeza uso huo kwenye nyumba yenye kelele. Kelele ya jirani inashuka, stesheni inabaki. Hakuna kifaa cha dukani cha bei ya chai kinachoweza kukufanyia hivyo.

Jifunze pia saa. Mchana tafuta juu, mita 19 na 16. Jua likizama shuka mita 31, 41 na 49. Asiyejua hili hulaumu antena saa sita mchana kwenye mita 49, ambako hakuna wa mbali atakayemsikia. Ratiba za vituo nazo hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo stesheni ikipotea ghafla majira hayo usibomoe ulichojenga. Na kwa ndugu mlioko Muscat, Leicester au Toronto: redio ya Zanzibar kwa miaka mingi imerusha kutoka Dole kwenye kilohezi 11735, na wapenzi wa redio wa Ulaya wamekuwa wakiinasa taarabu yake wakiwa vyumbani mwao. Wamewezaje wasiojua hata neno moja la Kiswahili, na wewe ushindwe?

Chukua daftari leo. Andika tarehe, kilohezi, na saa kwa UTC, ambayo ni kuondoa saa 3 kwenye ya kwetu: saa 3 usiku ya Afrika Mashariki ni 18:00. Andika ulichosikia, angalau mambo matatu ya kipindi. Halafu toa alama tano, kila moja kati ya 1 na 5, kwa mpangilio wa SINPO: nguvu ya mawimbi, kuingiliwa na stesheni nyingine, kelele, kupanda na kushuka kwa mawimbi, na hali kwa jumla. Ya kwanza huenda ikawa 24222. Iandike hivyo hivyo, usiipambe. Kesho baada ya kuhamisha waya dirishani andika nyingine chini yake. Ukifika 3 kwenye alama ya mwisho, itume kituoni. Redio ya kimataifa ya Romania ni miongoni mwa vituo vinavyojulikana kwa kuwajibu wasikilizaji kwa kadi ya uthibitisho. Anwani husomwa mwishoni mwa kipindi, na husomwa haraka, basi kalamu iwe wazi kabla ya muziki wa kufunga.