Uvumilivu wa Mgonjwa

Sisi wa kizazi changu tulifundishwa kwamba mgonjwa mwema humeza dawa kama alivyoandikiwa na kunyamaza. Mama hasa, yeye tulimsifu kwa uvumilivu. Lakini je, ndugu msomaji, uvumilivu wa namna hiyo ni wema kweli?

Chukua habari ya mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye joto la ghafla na jasho la usiku vimemnyima usingizi, akapewa vidonge vya homoni. (Usishangae mzee wa kiume kuyaandika haya. Nimelelewa na mama, na nimeoa.) Baada ya wiki chache matiti yanauma, tumbo linajaa gesi, kichwa kinamgonga. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu hapa Kiseke, alipofikia hapo alivifungia vidonge kabatini. Daktari alipomwuliza hali, alijibu, "Nzuri tu, mwanangu." Alimwonea haya kijana yule.

Jibu hilo nimelisikia darasani miaka yote. Pale chuo cha ualimu tuliwaonya wanachuo: mwanafunzi akisema "nimeelewa, mwalimu", usifute ubao kwanza. Dozi ya kwanza nayo ni swali, na jibu liko mwilini mwa mgonjwa. Daktari akiambiwa kweli, anaweza kupunguza estrojeni, kubadili aina ya projesteroni, au kutoa plasta ya kubandika kwenye ngozi, ambayo haimwongezei mtu hatari ya damu kuganda kama vidonge. Ila mwenye mfuko wa uzazi asiiache projesteroni kwa shauri lake mwenyewe akaendelea na estrojeni, maana ndiyo inayomkinga na saratani ya ukuta wa mfuko huo. Na damu ikitoka isivyotazamiwa, sharti achunguzwe.

Hofu nayo ina historia yake. Mwaka 2002, huko Marekani, sehemu ya utafiti iliyokuwa na wanawake zaidi ya 16,000 ilisimamishwa, kwa kuwa waliotumia homoni hizo mbili walizidi kidogo kwa saratani ya matiti na kiharusi. Wengi duniani wakatupa dawa. Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Leo wataalamu husema kwamba kwa aliye chini ya miaka 60, asiye na kizuizi kama saratani ya matiti, faida kwa kawaida huzidi hatari.

Jirani yetu alirudi kwa daktari na daftari lenye tarehe na maumivu yake. Plasta haikupatikana, alipunguziwa dozi. Matiti yalitulia, joto likabaki kidogo. Safari hii aliulizwa kama anaikubali hali hiyo, akafikiri, akasema anaikubali.