NYUMBA YA MAREHEMU NA NDUGU ALIYEBAKI NDANI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.



Ijumaa hii tuzungumze jambo linalovunja jamaa nyingi kwetu, tangu Kasongo na Kindu mpaka Bukavu, Uvira na Kisangani. Baba amefariki. Ameacha parseli moja na nyumba moja. Watoto wametawanyika: mmoja yuko Kinshasa, mmoja yuko machimboni, mmoja ameolewa mbali. Ndani ya nyumba amebaki mmoja tu. Mara nyingi ni dada aliyeachwa na mume, akarudi na watoto wake. Yeye ndiye aliyempikia baba, akamfulia, akamshika mkono usiku kwenda msalani. Matanga yanakwisha, ndugu wanasema: tuuze, kila mtu achukue chake. Dada anajibu: na mimi nitakwenda wapi?

Nani ana haki hapa? Wengi wanajibu upesi, kila mtu akivutia upande wake. Sisi tujibu polepole.

Kwanza, fungu ni haki, si huruma. Suratun-Nisaa, aya ya 7, inathibitisha kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kingi au kidogo. Aya ya 11 inapanga mafungu hayo, nayo inayaweka nyuma ya wasia na deni. Basi tangu baba alipokata roho, nyumba ile si ya kaka mkubwa, wala si ya yule anayelala ndani. Ni ya warithi wote kwa pamoja, kila tofali na kila bati. Kukaa ndani hakumwongezei mtu fungu, na kukaa Kinshasa hakumpunguzii.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha wavulana 2 na wasichana 2. Mama yao alitangulia, na babu na bibi pia. Nyumba inapata mnunuzi kwa dolari 18.000, na deni hakuna. Mafungu ni 6: kila mvulana 2, kila msichana 1. Kila mvulana anapata 6.000, kila msichana 3.000. Dada aliyebaki nyumbani ana 3.000, kama dada aliye mbali. Hiyo ndiyo hesabu, na hakuna anayeruhusiwa kuipindua.

Lakini, ndugu zangu, hesabu inatuambia kila mtu apate ngapi. Haituambii dada atolewe lini, kwa maneno gani, na mvua ikinyesha au isiponyesha. Hapo ndipo Mwenyezi Mungu anatutazama.

Pili, tuangalie kazi ya kumtunza mzazi. Dada anasema: mimi ndiye niliyemuuguza, nyumba ni yangu. Tumjibu kwa heshima. Kumtunza baba ni ibada, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Ibada haigeuki kuwa bei ya nyumba. Lakini wale ndugu wengine nao wajiulize. Wajibu ule ulikuwa wa watoto wote 4. Mmoja akiubeba peke yake, amebeba mzigo wa wenzake 3. Je, inafaa mtu aliyebebewa mzigo wake miaka yote afike siku ya arobaini na komisioneri mkononi, amwambie aliyembebea: toa vyombo?

Tena kuna mambo ambayo ni deni kweli. Kama dada alikopa feza ili alipe hospitali ya baba, kwa makubaliano kwamba zitarudishwa, hilo ni deni la marehemu, nalo linalipwa kabla ya kugawa. Kama alibadilisha mabati kwa ruhusa ya ndugu zake na kwa ahadi ya kurudishiwa, arudishiwe. Kama alitoa kwa nia ya sadaka, ni sadaka, asiigeuze deni leo kwa sababu ya hasira. Yeye anaijua nia yake, na Mola wake anaijua zaidi.

Tatu, kuna neno la marehemu. Wengine wanasema: baba alituambia, nyumba hii ni ya dada yenu. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mrithi hapewi wasia. Neno kama hilo halishiki mpaka warithi wengine, wakiwa watu wazima na bila kulazimishwa, walikubali. Na wazee mlio hai mnaosoma karatasi hii, kumbukeni Nu'man bin Bashir: baba yake alitaka kumpa yeye peke yake zawadi, akamwomba Mtume awe shahidi, na Mtume akakataa kushuhudia jambo lisilo sawa kati ya watoto. Msiwaachie watoto wenu neno la nusu ili wagombane juu ya kaburi lenu.

Nne, dhulma ina milango miwili. Mtume (s.a.w.) ameonya kwamba anayenyang'anya ardhi hata shibiri moja, siku ya Kiyama atavishwa shingoni kutoka ardhi saba. Dada anayefunga mlango na kusema hatoki wala hagawi, onyo hili ni lake. Kaka anayeuza kwa siri ili mnunuzi aje kumtoa dada kwa polisi, onyo hili ni lake pia. Na mnunuzi ajue: karatasi ya parseli ikiwa bado ina jina la marehemu, na warithi wote hawajatia sahihi, hakununua nyumba, amenunua kesi.

Tano, mjane. Kama aliyebaki ndani ni mke wa marehemu, ana eda ya miezi 4 na siku 10, aikae pale nyumbani. Ana fungu lake la thumuni, yaani moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya 1987 na iliyorekebishwa 2016, nayo inampa haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mumewe. Kumtupia mjane magodoro nje si desturi ya wazee wala si dini. Ni unyang'anyi.

Tujue pia kwamba sheria hiyo inawahesabu watoto wote sawa, wa kiume na wa kike. Jamaa wakifika tribunali, hukumu itafuata sheria hiyo. Basi heri wapatane mbele ya wazee na mashahidi, na waandike. Kaka akiridhika kumwachia dada sehemu ya fungu lake, hakuna dhambi. Ni wema ulioandikwa mahali pasipopotea.

Basi tufanye nini? Kikao cha jamaa kiitwe mapema. Nyumba ipimwe bei na watu wawili wasio warithi. Dada aulizwe kwanza kama anaweza kununua mafungu ya wenzake, hata kidogo kidogo, sababu mshirika ana haki ya kutangulia kabla ya mgeni. Hiyo ndiyo shufaa. Kama hawezi, apewe muda unaojulikana, kwa tarehe: kwa mfano mpaka watoto wamalize mwaka wa shule. Kama amekaa kwa ruhusa ya ndugu, asidaiwe kodi ya miezi iliyopita. Wakitaka kodi ianze, waseme, na ianze siku ile. Na kama parseli ni kubwa, akatiwe chumba na uwanja kwa kadiri ya fungu lake.

Msichelewe. Ndugu mmoja akifa kabla ya kugawa, fungu lake la 6.000 linaingia kwa mke wake na watoto wake, na nyumba iliyokuwa na wenye mali 4 inakuwa na 9 au 10. Watoto wasiojuana wanarithi ugomvi pamoja na matofali.

Kumbukeni aya ya 8 ya sura ile ile: wakihudhuria ugawaji jamaa wasio na fungu, mayatima na maskini, nao wapewe kitu na waambiwe neno jema. Ikiwa asiye na fungu anastahili neno jema, je, dada mwenye fungu?

Ewe Mola, tuepushe na kula haki ya ndugu zetu, utupe macho ya kuona aliyetubebea mzigo, na uwarehemu wazazi wetu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.