Beberu wa Jirani



Mithali 27:23 yatuagiza tujue hali ya makundi yetu. Sisi wawili nyumbani, walimu wastaafu, tulidhani twaijua. Daftarini tuliandika siku kila mbuzi alipopandwa, siku ya kuzaa (hupita siku kama 150), na vikombe vya maziwa asubuhi na jioni. Safu ya baba tuliiacha wazi, maana baba alikuwa yule yule, beberu wetu wa Toggenburg, tuliyejivunia mno. Akawapanda binti zake. Mwaka wa tatu wana-mbuzi walizaliwa dhaifu. Wawili walitufia mikononi tukiwanywesha dang'a kwa kijiko.

Dawa yake ni kubadilishana madume. Lakini mwenye beberu bora ndiye tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Jumapili tulipiga magoti pamoja mezani pa Bwana, njiani hatusalimiani. Na Mathayo 5:23-24 tuliwafundisha watoto wa watu miaka mingapi!

Mbuzi hangoji watu wapoe. Hutaka dume siku moja au mbili tu, kisha ni kungoja hadi siku ya 21. Mara mbili tulimsikia akilia na kutikisa mkia, tukanyamaza. Mara ya tatu tulimfunga kamba, tukaenda. Tuliomba radhi kwanza, beberu baadaye.

Jirani akamtazama mbuzi, akatutazama sisi. "Mfungeni kule bandani, siku yake isimpite. Kisha karibuni ndani."

Beberu wetu sasa yuko kwake. Mpaka haujapimwa bado.