Kisu Hakifundishi Kiasi

Watu wengi hushangaa wasikiapo kwamba daktari amekata mfuko wa chakula usio na kidonda ili mgonjwa apungue unene. Huuliza: Je, ni halali? Sisi twaona ni halali, ikiwa sababu ni nzito. Mwaka 1952 Papa Pius XII alifundisha kwamba kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima. Basi unene ukileta kisukari na kuulemea moyo, kutafuta msaada huo si dhambi, wala si uvivu.

Walakini tusidanganyike. Njia moja huondoa kama asilimia 80 ya mfuko huo, wala haurudi tena. Nyingine huacha kifuko kidogo na kukiunga na utumbo. Zote zaweza kuleta kutoka damu, kuvuja kwa mshono, na damu kuganda mishipani. Kisha mgonjwa huanza upya kwa vyakula vya majimaji, na vitamini atazimeza maisha yake yote.

Atakaye urembo tu, azipime hatari hizo. Amchekaye mgonjwa, naye anyamaze. Kisu chaweza kupunguza mfuko. Kiasi hufundishwa mezani, siku kwa siku, na jamaa walao pamoja naye.