Kulala Mwenzako Akikesha

Marafiki wanne wakitweka tanga jioni kwenye mlango wa Ruvuma, kusi ikiwasukuma kwenda Mikindani, usiku watatu hulala na mmoja hushika usukani. Je, alalaye ana haki gani ya kulala? Hana ila imani yake kwa mwenzake. Penye mafungu ya mchanga, kusinzia kwa mmoja kwaweza kuwa mauti ya wote. Basi usingizi huo ni deni, nalo hulipwa kwa kushika zamu. Asiyekubali kuamshwa si rafiki, ni shehena. Lakini naye asiyewaamsha wenziwe kwa kujivuna hukosa vilevile, maana uchovu wake huwahatarisha wote. Nasi nyumbani mwetu, ni nani anayekesha peke yake?